Mtoto Anayeshinda Juani

Kila mwaka, darasa jipya la udaktari linapofika kwenye mada ya homoni za mifupa, mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza jambo lile lile: Profesa, kwa nini sisi wa Mwanza tupoteze vipindi kwa vitamini D? Jiji letu liko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Ugonjwa wa kukosa jua, husema, ni wa Ulaya, wa miji ya ukungu na moshi wa makaa. Nalipenda swali hilo. Sijawahi kulijibu kwa sentensi moja, maana kulitafutia jibu ndiko kulikokuwa kazi ya maisha yangu.

Huwa naanza kwa kuwaeleza jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa bila hapo mengine yote hayashikiki. Miale ya jua ya aina ya UVB ikifika kwenye ngozi hugeuza kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo humo kiwe vitamini D. Damu huipeleka kwenye ini, na huko hupata umbo lile tunalolipima maabara. Kisha huenda kwenye figo. Figo ndizo zinazoikamilisha iwe kalsitrioli, homoni inayouamuru utumbo unyonye kalsiamu ya chakula. Hilo la figo lilionyeshwa Cambridge mwaka 1970 na David Fraser na Egon Kodicek, na mwaka 1971 makundi ya watafiti wa Uingereza na Marekani yakatambua umbo lenyewe la homoni. Mtu mzima ana kama kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki kwenye damu hairuhusiwi kupungua, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea. Shingoni kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazopima kalsiamu hiyo saa zote. Ikipungua, humwaga homoni ya parathiroidi, na homoni hiyo huchota kalsiamu mfupani ili damu isikose.

Hapo huwasimulia habari ya kifaru. Tezi hizo hazikuonwa kwanza kwa binadamu. Richard Owen alizikuta kwa kifaru wa India aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1849. Aliyezionyesha kwa binadamu, mwaka 1880, alikuwa Ivar Sandström, na wakati anaanza kuzifuatilia alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari Uppsala, nchini Uswidi. Alipuuzwa karibu maisha yake yote. Nawaambia vijana wangu: aliyeziona alikuwa wa umri wenu, na aliziona kwa kuwa aliangalia mwili ulio mbele yake badala ya kuridhika na kitabu kilichosema hakuna kitu pale.

Mimi nami nilifundishwa na mwili ulio mbele yangu. Nilipokuwa bado kwenye wodi ya watoto, kabla sijahamia magonjwa ya homoni, alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha wavuvi ng'ambo ya ghuba, amembeba mtoto wa miaka mitatu. Miguu ya mtoto ilikuwa imepinda kuanzia magotini, vifundo vya mikono vimevimba, na mbavuni kuna vinundu ukipitisha kidole. Matege, hakuna ubishi. Daktari kijana aliyekuwa zamu alikwisha kumwambia kwamba mtoto anakosa jua, amtoe nje kila asubuhi. Mama alinyamaza mpaka nilipomaliza kumpima mtoto, ndipo akasema:

“Daktari, mimi naanika dagaa mwaloni tangu alfajiri, na huyu nashinda naye pale pale. Kivuli chenyewe hatuna. Jua gani tena analokosa?”

“Umesema kweli, mama,” nilimjibu. “Hebu tuangalie sufuria.”

Tukaanza kupitia mlo wa mtoto. Asubuhi uji wa muhogo. Mchana ugali wa muhogo na mlenda. Usiku hivyo hivyo, pengine na maharage. Maziwa alikuwa ameyaaga siku alipoachishwa ziwa, maana pale nyumbani hapana ng'ombe. Na dagaa? Dagaa ni wa kuuza. Mfanyabiashara huja na gari lake, hununua mzigo wote, na wale walioanikwa chini kwenye mchanga huishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku. Mama huyu alikuwa akishika kalsiamu kwa mikono miwili kutwa nzima, na mwanawe anakosa.

Wakati huo yalikuwa yamekwisha kutoka matokeo ambayo kila daktari wa watoto Afrika anapaswa kuyajua kwa moyo. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake, akiwemo John Pettifor wa Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliofanyika Jos, Nigeria, kwa watoto wenye matege wanaokulia kwenye jua kama letu. Waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Pettifor alikuwa akieleza jambo hilo tangu miaka ya 1970, kwa watoto wa vijijini nchini kwake. Homoni iko, amri inatolewa, utumbo uko tayari kunyonya, ila chakula hakina cha kunyonywa. Tulimwanzishia mtoto kalsiamu, na mama nikamwomba atenge dagaa wakavu waliooshwa mchanga, awasage na vichwa na mifupa yao, aweke kijiko kwenye uji kila siku. Picha za eksirei za miezi iliyofuata zilionyesha ncha za mifupa zikijaa na kunyooka.

Msomaji wa mjini asichukue kisa hicho akakifanya sheria. Madaktari wa Nairobi wameeleza matege ya watoto wa mitaa iliyobanana kama Kibera, watoto wanaofungiwa ndani mama akienda kutafuta riziki. Ikweta haimfai kitu mtoto aliye nyuma ya mlango uliofungwa. Mama anayefunga mlango naye hana kosa; hana wa kumwachia. Matege ni yale yale ukiyatazama miguuni, na sababu ni mbili tofauti. Anayetibu bila kuuliza nyumbani kukoje atampa mmoja wao dawa ya mwenzake.

Baadaye jambo lililonishika zaidi likawa namba. Daktari anapoandika kwamba vitamini D ya mtu ni ndogo, ni ndogo kuliko nini? Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema nanomoli 50 kwa lita zinatosha karibu kila mtu kwa afya ya mifupa. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa homoni cha nchi hiyo hiyo kikasema hapana, mtu afike 75. Mamilioni ya watu waliokuwa wazima kwa namba ya kwanza wakawa wapungufu kwa namba ya pili bila chochote kubadilika miilini mwao. Sisi huku tukanakili 75 kwenye karatasi za maabara, ingawa hakuna aliyekuwa ameipima kwetu.

Ndiyo maana kazi ya Waholanzi wa Groningen ilinifurahisha sana. Martine Luxwolda, Remko Kuipers, Profesa Frits Muskiet na wenzao walijiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: watu wanaoishi pale binadamu alipoanzia, juani, kwa maisha ya asili, wana kiasi gani? Mwaka 2012 walichapisha majibu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Mwaka 2013 wakaongeza watu wa Same, na wa kwetu huku ziwani, Sengerema na Ukerewe. Kwa watu wazima wasio wajawazito wastani wa makundi yote ulikuwa karibu 107, na kwa wajawazito ulipanda hadi karibu 139.

Nakumbuka nilivyozisoma karatasi hizo, nikazirudia. Sengerema na Ukerewe kwenye jarida la kimataifa, safari hii kama kipimo cha uzima na si kama takwimu za kichocho au malaria! Ila Ulaya zilisomwa kwa namna yao: zikawa hoja kwamba Mzungu wa kawaida ni mpungufu na anywe vidonge. Mimi sikuafiki haraka hiyo, na bado siafiki. Kwamba mchungaji wa Kimasai ana 115 hakuthibitishi kwamba karani wa Amsterdam mwenye 60 ni mgonjwa. Wamarekani weusi wana vitamini D ndogo kuliko weupe kwenye vipimo vya kawaida, na mifupa yao ni mizito zaidi na huvunjika kwa nadra zaidi. Namba peke yake haisemi mfupa uko hali gani.

Hapa Mwanza tulilijua hilo kwa njia nyingine, kwa kifua kikuu. Wakati ule wengi wetu tuliamini, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa moyo wote, kwamba vitamini D ingekuwa msaada mkubwa kwa wagonjwa wetu. Imani haikuwa ya bure. Niels Finsen wa Denmark alipata Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha jinsi chembe za kinga zinavyoitumia vitamini D kutengeneza silaha dhidi ya bakteria wa ugonjwa huo. Basi Nyagosya Range, John Changalucha na George PrayGod wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na Henrik Friis wa Copenhagen na wenzao, wakapima wagonjwa wa kifua kikuu wa jiji hili na watu wasio na ugonjwa huo. Sote tulitarajia wagonjwa wawe na kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa kinyume: wagonjwa ndio waliokuwa na zaidi.

Naliheshimu sana kundi lile kwa kuyachapisha yalivyo. Yangeweza kulala kwenye droo, yakaitwa hitilafu ya maabara, tukaendelea na imani yetu. Yalitufundisha kwamba mwili mgonjwa hubadilisha vipimo vyake wenyewe, kwa hiyo kumpima mtu akiwa tayari anaumwa hakukuambii nini kilimwuguza. Dawa yenyewe ilipojaribiwa inavyotakiwa, jibu likazidi kuwa wazi. Dar es Salaam, Christopher Sudfeld na wenzake waliwafuatilia watu 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi na ambao vitamini D yao ilikuwa ndogo. Nusu walipewa vitamini D, nusu kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba hakukuwa na tofauti katika vifo wala katika kifua kikuu. Mwaka huo huo Mongolia, nchi ya baridi kali, ikatoa jibu kama hilo kwa watoto wa shule zaidi ya 8,800. Kwangu lilikuwa jibu gumu kulimeza. Lakini kila shilingi isiyokwenda kwenye kidonge kisichosaidia inaweza kwenda kwenye chakula cha mgonjwa, ambacho anakihitaji kweli.

Kuna mzee mmoja wa Ukerewe ambaye huwa namtaja darasani kila mwaka, bila jina. Alikuwa mvuvi tangu ujana, ngozi imekolea jua. Aliletwa na mwanawe kwa maumivu ya nyonga na mapaja, miguu haina nguvu, mwili unawasha usiku kucha. Mwanawe, kijana mwenye kumjali baba, alikuwa amemnunulia vidonge vya vitamini D duka la dawa mjini, vya bei ghali, na amevinywa miezi kadhaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Niambie, mifupa hii imekosa nini?”

Mifupa haikukosa jua wala vidonge. Shinikizo la damu la miaka mingi, ambalo hakuna aliyewahi kumpima, lilikuwa limeziua figo zake. Homoni ya parathiroidi ilikuwa imepanda mara nyingi kupita kawaida, ikichota mfupa mchana na usiku. Jua lilifanya kazi yake kwenye ngozi, ini likafanya yake, na figo hazikuwa na uwezo wa kumalizia. Alihitaji homoni iliyokwisha kukamilishwa kiwandani, na alihitaji pia kupunguza fosfati, ambayo figo zilishindwa kuitoa. Fosfati imo kwa wingi kwenye samaki wanaoliwa pamoja na mifupa. Kwa hiyo ilibidi nimwambie mvuvi wa ziwani apunguze dagaa.

“Mwanangu,” aliniuliza, “sasa unataka nile nini mimi?”

Tulikaa na mwanawe tukapanga, chakula kwa chakula, mpaka tukapata kitu kinachowezekana. Dagaa wale wale niliowaandika kama dawa ya mtoto nimewakataza kwa mzee, na mara zote mbili ulikuwa ushauri sahihi. Kwa hiyo huwa nasikitika ninaposikia redioni mtu anatangaza lishe moja ya mifupa kwa watu wote.

Siku hizi kipimo cha vitamini D kimeingia hata kwenye maabara ndogo za mitaani, na vidonge vyake viko kila kona. Wanakuja kwangu watu wazima kabisa, wanatembea, wanakula, wameshika karatasi yenye alama nyekundu, wameingiwa na hofu. Wengine wametumia pesa ya ada ya mtoto. Chama kile kile cha Marekani kilichotuletea 75 kilitoa mwongozo mpya mwaka 2024: hakiiungi tena mkono namba ile, na hakishauri watu wazima wasio na ugonjwa wa mifupa wapimwe. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 25,871 ulionyesha mwaka 2022 kwamba vitamini D haikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wazima wa kawaida. Habari hizi hazijafika mitaani kwetu kwa kasi ile ile ya vidonge.

Wako wanaoihitaji kweli: mtoto anayefungiwa ndani, mtu anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, mgonjwa wa figo, mtu ambaye utumbo wake haunyonyi mafuta. Na watu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa imewatendea maovu tusiyopaswa kuyasahau, wasidanganywe na yeyote kwamba wakae juani kwa ajili ya mifupa. Ngozi isiyo na rangi hutengeneza vitamini D kwa mwanga kidogo sana. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua haviwadhuru mifupa, na vinawaokoa na saratani.

Lililobaki mbele yetu, kwa maoni yangu, ni kalsiamu, hasa kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku pale ambapo chakula kina kidogo, ili kuzuia shinikizo la damu la ujauzito. Vidonge vingi, vikubwa, na zahanati haina. Watafiti wa Tanzania, India na Harvard waliuliza kama miligramu 500 zingetosha. Waliandikisha wajawazito 11,000 katika kila nchi, wa kwetu wakiwa Dar es Salaam, na mwaka 2024 wakajibu kwamba katika kuzuia tatizo hilo kipimo kidogo hakikuzidiwa na kikubwa. Na Gambia, kijijini Keneba, Landing Jarjou na Ann Prentice walikuwa wamekwisha kuona mwaka 2010 kwamba akina mama waliozoea kalsiamu kidogo, wakapewa miligramu 1,500 kila siku katika nusu ya pili ya ujauzito, baadaye walikuwa na madini machache mifupani kuliko wasiopewa. Mwili uliozoea kidogo ulikuwa na utaratibu wake wa kujihifadhi, na wingi ule ukauvuruga. Nani angelijua hilo bila kwenda Keneba na kupima?

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wanaosomea tiba pale juu ya kilima cha Bugando ni moja. Damu ya Sengerema na Ukerewe ilisafirishwa Uholanzi ili ipimwe. Nyinyi ipimeni hapa. Pimeni homoni ya parathiroidi ya wauza samaki wa Kirumba, ya wakulima wa Kwimba, ya wasichana wanaofunika mwili mzima na ya wanaoshinda ofisini, muandike na wanachokula, kisha muwafuatilie mpaka uzeeni mjue nani alivunjika na nani hakuvunjika. Msipofanya hivyo mtaendelea kunakili.

Na wewe mama unayeanika dagaa Igombe, Ukara au popote mwaloni: usiuze wote. Anika wa nyumbani kwenye chanja, mbali na mchanga, na kila siku mwekee mwanao kijiko cha unga wake kwenye uji. Jua analo tayari.